Mnywaji Mkuu na Kisima cha Tegemeo

Ipo nchi moja, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani waliagizwa waiache nafasi yake wazi kwa sababu za kiusalama. Katika nchi hiyo maji hayapimwi kwa vyombo. Vyombo vilikuwepo zamani, lakini vilikuwa na tabia mbaya ya kusema kila vilichokiona bila kujali mkubwa gani amesimama karibu. Vikastaafishwa kwa manufaa ya umma. Tangu hapo maji yote ya nchi hupimwa na mtu mmoja, naye huitwa Mnywaji Mkuu wa Serikali.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kisima kinapozinduliwa au kuthibitishwa upya, Mnywaji Mkuu hupanda jukwaani, hukabidhiwa kikombe cha shaba kilichojaa maji ya pale, huyanywa yote, kisha hukiinua kikombe juu ya kichwa chake. Hapo bendi huanza Wimbo wa Taifa. Mnywaji akiufikisha mwisho akiwa wima, hukishusha kikombe na kukifunika mezani, Waziri hutamka "Salama!" na wananchi hunywa. Maji yakiwa mabaya, Waziri anatakiwa atamke "Hayafai!" kikombe kikiwa bado juu, na kisima hufungwa papo hapo bila rufaa. Neno hilo la pili halikuwa limewahi kutamkwa. Wengine walidhani limewekwa kama pambo tu.

Wimbo wenyewe ni wa ubeti mmoja:

Nchi yetu nchi njema, udongo wako ni safi,
Chini na juu salama, hata ukichimba hufi,
Viongozi wenye hima, hawaujui ulafi,
Twasimama, twasimama, kukaa ni uhalifu.

Na kweli kukaa ni uhalifu. Wimbo ukipigwa, hakuna ruhusa ya kukaa, kutembea, kujikuna wala kufukuza nzi. Bendi nayo hairuhusiwi kunyamaza kikombe kikiwa juu. Ubeti ukiisha kabla hakijashuka, huanza upya.

Wazee wa historia wanaeleza kwamba kipimo hiki kilibuniwa zama za wafalme, wakati sumu ilikuwa sumu: mtu anakunywa, anashika koo, anaanguka. Kwa sumu za aina hiyo kipimo kilikuwa kizuri sana. Hakuna aliyefikiria kwamba zipo sumu zenye subira.

*

Mnywaji Mkuu wa siku hizo aliitwa Kibwana Sekulu, mwanamume wa makamo mwenye kifua kipana kilichojaa nishani. Aliipenda kazi yake. Alikuwa amekunywa visima vya kaskazini vyenye chumvi, mabwawa ya magharibi yenye vyura, na bomba la mji mkuu, ambalo hata maadui zake walikiri lilihitaji ujasiri wa pekee. Hakuwahi kuyumba. Alilionea fahari tumbo lake kama wengine wanavyoionea fahari elimu.

Kwa hiyo aliposikia kwamba kisima kinachofuata ni cha Tegemeo, kijiji alichozaliwa, alitembea kwenye ukumbi wa Wizara kama bwana harusi. Alikuwa anashuka ngazi huku akiupiga mluzi Wimbo wa Taifa, na kwa hiyo akilazimika kusimama kila akianza ubeti, pale mtu alipomshika mkono.

Alikuwa Profesa Eulalia Mbonde, mkuu wa Idara ya Vilivyofukiwa. Mama huyu alisomea mambo ya ardhi na maji yaendayo chini yake, na Wizara ilimheshimu mno, kiasi kwamba ilimpa ofisi isiyo na mlango ili asisumbuliwe na wageni.

"Bwana Kibwana, unakijua Kiwanda cha Taifa cha Nishani, kule kilimani juu ya kwenu?"

"Nisikijue vipi? Nusu ya kifua changu imetoka kule."

"Basi nisikilize. Nishani kabla haijapakwa dhahabu lazima ioshwe grisi. Ipo dawa ya kuoshea. Dawa ikichafuka wanaimwaga shimoni nyuma ya kiwanda. Wameimwaga miaka na miaka. Sasa huyo mgeni—"

"Mgeni gani tena, Profesa?"

"Nimekatazwa kulitumia lile neno jingine. Huyo mgeni ni mzito kuliko maji. Mafuta ya taa ukiyamwaga kwenye maji yanaelea, sivyo? Huyu haelei. Anazama. Anapenya udongo, anapenya mchanga, anayakuta maji ya chini na kuyapita, anakwenda tu mpaka agonge mwamba. Hapo anajikunja kwenye nyufa kama mkwe aliyekuja kusalimia akasahau kuaga. Maji yanayopita yanamlamba kidogo kidogo, yanamchukua, yanateremka naye."

"Yanateremka wapi?"

"Kwenu."

Kibwana akacheka, lakini kicheko kikamfia mdomoni.

"Subiri, sijamaliza. Humo ardhini mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinamtafuna huyo mgeni. Vingemtafuna wote tungevishukuru. Lakini vinamtafuna nusunusu, na kinachobaki ni kitu kingine kabisa, chepesi, chenye harufu tamutamu, tena kibaya kuliko kile kilichomwagwa. Kinaondoka shimoni kikiwa hiki, kinafika kisimani kikiwa kile."

"Kibaya vipi? Nikikinywa nitaanguka?"

"Wewe? Utasimama kama mnazi. Kikombe kimoja hakikufanyi kitu. Kinataka mtu ayanywe kila siku, ayapikie, aogeshee watoto, mwaka huu na mwaka kesho, ndipo kianze kumla ini. Na kwa mwenye mimba, hakina hata haja ya kungoja hivyo." Profesa alitazama juu ya ngazi, akatazama chini, kisha akatamka polepole kama mtu anayetukana msikitini: "Ni sumu, Bwana Kibwana."

"Lakini... tumbo langu halijawahi kukosea."

"Tumbo lako halipimi kitu. Halijawahi kupima kitu."

Alimwacha pale kwenye ngazi. Kibwana alihisi nishani zote kifuani zimekuwa baridi. Alikumbuka visima vya kaskazini. Alikumbuka watoto waliokuwa wakimpigia makofi kila aliposhusha kikombe, na vikombe vyao vya plastiki vilivyokuwa tayari mikononi.

*

Alikwenda moja kwa moja kwa Waziri wa Maji, Udongo na Vilivyo Chini Yake, Mheshimiwa Dokta Luteni Ponsiano Gwangala. Alimkuta ameweka miguu juu ya kiti, akinywa maji ya chupa yaliyoletwa kwa ndege kutoka nchi yenye theluji.

"Karibu, tumbo la taifa!" Waziri alisema. "Keti. La, usiketi, hutakawia. Kuna nini?"

Kibwana akamweleza yote. Waziri hakustuka hata kidogo. Alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma, kama mganga anayesikia ugonjwa wa kawaida.

"Kwanza," alisema, "shimo lile tumelizungushia ukuta. Imara kabisa."

"Msingi wake umekwenda chini kiasi gani, Mheshimiwa?"

"Kiasi cha kutosha kuushikilia ukuta. Pili, tulichomwaga sisi kina jina. Hicho kilichoko kisimani, kama kipo, kina jina jingine. Sasa mtu akitoka nyumbani kwangu anaitwa Juma, akafika kwako anaitwa Hamisi, ana sura nyingine na tabia nyingine, utanijia mimi useme huyu ni mwanangu? Hatukumwaga hicho. Sheria iko wazi. Aliyekibadilisha ndiye mwenye kosa."

"Waliokibadilisha ni vijidudu, Mheshimiwa."

"Basi wakamatwe!" Waziri alipiga meza. "Serikali haiwezi kubeba makosa ya kila kijidudu. Tatu, hebu niambie wewe mwenyewe. Ukinywa hicho kikombe, utakufa?"

"Profesa anasema sitakufa."

"Utaumwa?"

"Anasema sitaumwa."

"Basi unataka usalama gani zaidi ya huo, Kibwana? Sisi tunapima maji, hatupigi ramli." Alishusha miguu, akainama mbele, na sauti ikabadilika. "Nisikilize, ndugu yangu. Ukikataa kunywa, Naibu Mnywaji atakunywa, ana kiu ya cheo hicho tangu mwaka juzi. Ukijifanya unaanguka, nyuma yako watakuwepo Askari wa Uwima, wamesimama kama ukuta, hutapata pa kuangukia. Ukisema neno, unajua mwenyewe mdomo wa Mnywaji ni wa kuingiza, si wa kutoa. Kwa hiyo nenda kanywe. Ni kwenu. Watu wako wanakusubiri."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomkosesha Kibwana pumzi.

*

Alifika Tegemeo mchana wa siku iliyotangulia sherehe. Kijiji kilikuwa kimepakwa chokaa, mpaka mbuzi wawili waliozubaa karibu na ukuta nao walipakwa. Dada yake mkubwa, Mwanaheri, alikuwa anarudi kutoka mtoni na ndoo kichwani, shingo imenyooka, jasho linamchuruzika kwenye masikio. Alimtazama ndugu yake na nishani zake juu mpaka chini.

"Hee! Kumbe ndio wewe? Nilidhani ni kabati la vyombo linatembea."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nipokee ndoo basi, au serikali imekukataza kubeba maji nje ya tumbo?"

Akaipokea. Ndani, Tatu, binti ya Mwanaheri, alikuwa ameketi ameinyoosha miguu iliyovimba, na tumbo lake lilikuwa limefika pale ambapo kila mtu anayeingia hulisalimia kwanza kabla ya mwenyewe.

"Mjomba, umekuja kutukomboa," Tatu alisema akicheka. "Nimechoka na mto. Nikishuka nazaa njiani, nikipanda nazaa njiani."

"Kwani kisima hamkitumii?"

"Tumekiacha tangu maji yaanze kunukia," Mwanaheri alisema. "Si harufu mbaya. Tamutamu, kama chumba cha kuchomea sindano. Watu wakasema tungoje, Kibwana wetu anakuja. Akinywa yeye, tunakunywa sote. Huyu hawezi kutudanganya, tumemwona anatembea bila suruali."

Kibwana akaiweka ndoo chini taratibu. Akawaambia kila kitu: shimo, mwamba, mteremko, vijidudu. Tatu aliacha kucheka. Mikono yake ikalifunika tumbo, wala hakujua kwamba imelifunika.

"Basi tusiyanywe," Mwanaheri alisema. "Mto upo."

"Mama, hujasikia tangazo?" Tatu alisema. "Kisima kikithibitishwa kesho, njia ya mtoni inafungwa. Wanaweka askari. Atakayechota mtoni wakati kuna maji ya serikali ni mchochezi."

Nje mtu mmoja alikuwa akiwapanga watoto kwa urefu ili wakae vizuri kwenye picha.

"Nitawaambia watu," Mwanaheri alisema. "Sasa hivi."

"Waambie, dada. Lakini kesho wataniona nimekunywa, nimesimama, mzima. Watamwamini nani?"

Mwanaheri akasema neno ambalo Kibwana alilibeba usiku kucha kama jiwe: "Kwa hiyo tumekulea, tukakusomesha, tukakunenepesha, ili uje utuue ukiwa umesimama."

*

Asubuhi jukwaa liling'aa. Waziri alihutubia. Alisema maji ni uhai, na uhai ni amani, na amani ni chama, kwa hiyo atakayeyatilia shaka maji anajua mwenyewe anatilia shaka nini. Alisema ardhi ya nchi hii ni tiifu, haijawahi kupokea kitu ikakitoa upande wa pili. Kila baada ya sentensi kadhaa alinyanyua chupa yake ya nchi ya theluji akapiga funda refu, kwa sababu jua lilikuwa kali na hotuba ilikuwa ndefu, na pia kwa sababu alitaka koo lake liwe limetosheka kabisa iwapo mtu angepata wazo la kumkaribisha maji ya kisimani. Alimaliza chupa ya kwanza, akamaliza ya pili, ya tatu akaianza.

Redio ya Taifa ilikuwa inatangaza moja kwa moja nchi nzima.

Kibwana akapanda. Askari wawili wa Uwima wakajipanga nyuma yake. Akaletewa kikombe. Maji yalikuwa maangavu kuliko yote aliyowahi kuyaona, na ule utamu ulimpanda puani kama mkono wa mtu anayekubembeleza huku akikuibia. Chini ya jukwaa, mstari wa mbele, walikuwa wamewekwa wajawazito, kwa ajili ya picha. Tatu alikuwa katikati yao. Alikuwa amepewa kikombe chekundu cha plastiki, na mhudumu wa Wizara alikuwa amekwisha kukijaza.

Kibwana akanywa. Akakiinua kikombe. Bendi ikaanza.

*Nchi yetu nchi njema.* Nchi nzima ikasimama. Mjini magari yaliganda njia panda. Kinyozi mmoja alisimama na wembe shavuni kwa mteja. Mahali pengine mwizi wa kuku alikutana uso kwa uso na mwenye kuku, wote wakakaza mikono mapajani, kuku akiwa katikati.

*Hata ukichimba hufi.* Kibwana alijisikiliza tumboni. Hakukuwa na kitu. Hakuyumba, hakuumwa, alikuwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho, na hakuwahi kuuchukia mwili wake kama alivyouchukia dakika ile.

*Twasimama, twasimama.* Ubeti ulikuwa unakwisha. Aliona vidole vya Tatu vikikaza kwenye kikombe chekundu. Aliona watu nyuma ya mpwa wake, mamia, shingo zimenyooka, macho yote kwenye mkono wake mmoja, wakingoja ushuke.

Mkono haukushuka.

Hakuwa amepanga. Alikuwa amejiandaa kuushusha, na kweli akauamuru ushuke, ila kitu ndani yake kilikataa katakata. Bendi ilimaliza, kiongozi wake akatupa jicho, akaona kikombe kiko juu. Akapunga fimbo. *Nchi yetu nchi njema...*

Waziri alitabasamu kwa ajili ya kamera. Kwenye ubeti wa tatu tabasamu lilikauka. Wa tano, akaanza kunong'ona bila kufungua meno, kama watu wa nchi ile wanavyojifunza tangu utotoni.

"Kibwana. Shusha."

"Bado nayapima, Mheshimiwa," Kibwana akanong'ona naye, midomo haichezi.

"Unayapima mpaka lini?"

"Profesa amesema yanataka miaka."

Jasho jembamba likamtoka Waziri kwenye sikio. Hakuruhusiwa kulifuta.

"Kibwana, ndugu yangu. Nitakupa nyumba."

"Kipimo, Mheshimiwa."

"Nitakunyonga."

"Wimbo ukiisha."

Waziri akageuza macho, macho tu, kuwatazama askari. Askari walikuwa wamekakamaa kama magogo, mikono mapajani, na kamanda wao machozi yalimlengalenga kwa hamu ya kukamata mtu. Hakuna aliyeweza kusogea. Sheria ilikuwa yao wenyewe.

*

Jua lilipanda likafika utosini, likaanza kuinama upande wa pili. Mpiga tarumbeta alipasuka mdomo. Mpiga ngoma alikuwa anapiga amefumba macho. Nchi nzima maharage yaliungua majikoni bila mtu kuyaepua, na redio ikaendelea kuimba, *hata ukichimba hufi, hata ukichimba hufi*. Hakuna aliyekunywa. Maji kwenye kikombe cha Tatu yalikuwa yamepata moto, na nzi mmoja alikuwa ametua ukingoni.

Lakini mkono wa Kibwana ulianza kufa. Ulianza kwenye vidole, ukashuka kwenye kiwiko, kisha bega zima likawa kama limetiwa kaa la moto. Kikombe kilitetemeka. Kilishuka kidogo, Waziri akavuta pumzi ya furaha. Kikapanda. Kikashuka zaidi. Kibwana aliuma mdomo mpaka akaonja damu yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliomba dua akiwa kazini.

Ndipo akasikia hatua.

Katika nchi ile hakuna aliyewahi kusikia hatua wakati wa Wimbo wa Taifa. Mwanaheri alikuwa ametoka kwenye safu. Alitembea polepole, kwa mwendo wake ule ule wa kutoka mtoni, na kichwani alikuwa na ngata yake ya kanga aliyozoea kutulizia ndoo. Alipanda ngazi za jukwaa moja moja. Akapita mbele ya Waziri. Akapita mbele ya kamanda, ambaye alitoa mlio mdogo kama wa birika. Akaenda kusimama ubavuni mwa ndugu yake, akaingiza kichwa chini ya kiwiko chake, akanyoosha shingo, na mkono ukatua juu ya ngata.

"Mzito kama ulivyokuwa mtoto," akanong'ona.

"Dada, watakufunga."

"Nyamaza, usinitikisie ndoo."

Kikombe kikapanda, kikatulia. Kilikuwa juu kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Mwanaheri alipochoka, mwanamke mwingine alipanda akapokea kwa kichwa chake. Kisha mwingine. Walikuwa wamebeba mto mzima kwa shingo zile, msimu kwa msimu. Mkono wa mtu mmoja ulikuwa mzigo wa kuchezea. Wajawazito wa mstari wa mbele walitazamana. Tatu akakiinamisha kikombe chekundu, taratibu, mpaka maji yote yakamwagikia ardhini, na wenzake wakafanya hivyo hivyo, bila neno, wakiwa wameunyoosha mgongo kwa heshima zote za taifa.

Yaliyobaki yalitendwa na maji ya nchi ya theluji. Waziri alikuwa amekunywa chupa mbili na nusu tangu asubuhi, na maji salama yana tabia moja: yakiingia hayakai. Mwanzo alikaza meno. Baadaye alikaza magoti. Baadaye akawa anatikisika mwili mzima, nishani zake zikilia kifuani kama kengele za mbuzi, na mbele yake kamera za taifa zote zilikuwa zimemwelekea, hazina pa kugeukia, maana wapiga picha nao hawakuruhusiwa kusogea.

"Kibwana," akanong'ona, na sasa ilikuwa sauti ya mtu. "Nakuomba."

"Liko neno moja, Mheshimiwa. Unalijua."

"Siwezi. Kiwanda... Nishani... Mtukufu Rais anasikiliza."

"Na Mtukufu amesimama, Mheshimiwa. Kwa umri ule, na magoti yale."

Bendi ikaanza ubeti upya. Waziri alivumilia mstari wa kwanza. Alivumilia wa pili. Kwenye *hawaujui ulafi* alijitupa kwenye kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili, na nchi nzima, kutoka mpaka hadi mpaka, ikamsikia anapiga yowe:

"Hayafai! Hayafai! Maji haya hayafai!"

Kisha akakimbia kuelekea nyuma ya nyumba ya pampu, akifungua mkanda njiani.

Kibwana akakishusha kikombe. Bendi ikanyamaza, na watu wote wa Tegemeo walikaa chini, pale pale walipokuwa, kwenye vumbi.

*

Kisima kilifungwa kabla ya alasiri kwisha, kwa mnyororo na lakiri, kama sheria ilivyotaka. Kamanda alipopata tena matumizi ya miguu yake alimwendea Kibwana.

"Uko chini ya ulinzi."

"Kosa langu?"

Kamanda akafikiri. Alikuwa amewakamata watu kwa kukaa, kwa kuinama, hata kwa kuegemea. "Kusimama," akasema hatimaye. "Kupita kiasi."

Walikuwa wanampakia Kibwana garini, ndipo Profesa Eulalia Mbonde akafika akihema. Alikuwa amesimama siku nzima nyuma ya jukwaa, mahali ambapo Wizara ilimweka asionekane.

"Bwana Kibwana! Kisima kimefungwa, lakini maji ya chini hayafungiki kwa mnyororo!" Hakunong'ona safari hii. "Sumu inaendelea kuteremka. Inakwenda Bondeni. Mvua za mwakani zikishapita, itakuwa imefika kwenye visima vyao!"

Mlango ukafungwa. Kupitia upenyo wa turubai Kibwana alimtafuta dada yake kwenye umati, asimwone. Wala hakumwona Tatu. Gari lilikawia sana kuwaka, hatimaye likaondoka, likashika barabara ya mteremko kuelekea mjini, ambayo hupita Bondeni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine.

Walipofika kwenye kona ya chini, dereva akapunguza mwendo akipiga honi kwa hasira. Barabara ilikuwa imejaa wanawake. Walikuwa wanatembea katikati, ngata kichwani na hakuna ndoo juu yake, hawageuki, wanazungumza wote kwa pamoja kama watu wanaopanga nani ataanza kusema. Mbele yao alikuwa Mwanaheri. Walisogea kando kwa shingo upande, gari likapita, na Kibwana akajaribu kuuinua mkono kumpungia, mkono ukakataa.

Akamtazama kupitia upenyo hadi alipokuwa mdogo barabarani. Ile sumu ilikuwa bado na mwaka mzima wa kutembea. Mwanaheri, kwa mwendo ule, angefika Bondeni kabla jua halijazama.